Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, nusu ya zamu zangu hazikuwepo

Hapa Kigoma nimewajua wanawake kadhaa waliopoteza kazi kwa sababu ya kuzaa, na karibu wote hawakufukuzwa. Hakuna aliyepewa barua ya kuachishwa. Walipunguziwa. Zamu sita zikawa tatu, tatu zikawa mbili, mbili zikawa "tutakupigia simu ukihitajika", mpaka mtu akaona nauli inamla kuliko mshahara, akabaki nyumbani. Ukiuliza kazini kwao utaambiwa aliacha mwenyewe, ana mtoto mdogo. Mimi nilishaanza kuisogelea njia hiyo. Nasimulia yaliyonipata kwa sababu mambo niliyohitaji kuyajua yalikuwa machache, yote yapo kwenye sheria ya nchi hii, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia, si chuoni wala kliniki.

Mimi ni fundi sanifu dawa. Duka ninalofanya kazi liko Mwanga, linauza rejareja na jumla. Asubuhi dirishani husimama wagonjwa wenye karatasi zao za daktari. Kuanzia mchana huja wenye maduka ya dawa muhimu kutoka vijiji vya mwambao wa ziwa, watu wa Kalya, Buhingu, Kagunga, wengine wamelala ndani ya boti, wanataka mzigo wao uhesabiwe haraka wawahi chombo kinachorudi. Ni kazi ya kusimama na ya kuwa macho, kwa sababu dozi ikikosewa anayeumia ni mgonjwa. Mkataba wangu ulisema saa 45 kwa wiki, siku sita, mshahara shilingi 400,000 kabla ya makato.

Likizo yenyewe niliiomba kama inavyotakiwa. Sheria inataka mwajiri apewe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Nilipeleka barua nakala mbili, moja ikapokelewa, nyingine ikagongwa muhuri nikarudi nayo nyumbani. Muhuri ule baadaye ulinisaidia kuliko nilivyotegemea. Likizo ya uzazi inaweza kuanza wiki 4 kabla ya kujifungua, lakini nilifanya kazi hadi karibu kabisa na tarehe, kwa kuwa kila siku unayokaa nyumbani na mimba inatoka kwenye zile siku 84. Hizo ndizo siku zetu: 84 kwa mtoto mmoja, 100 kwa mapacha au zaidi, kwa malipo kamili. Na nililipwa zote, shilingi haikupungua. Nalisema hili wazi kwa sababu sitaki mtu adhani namsimulia mwajiri katili. Ugumu wa jambo hili ulikuwa hapohapo, kwamba hakuwa katili.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Mama yangu alishuka kutoka Kasulu na unga wa muhogo na maharage, akakaa nami mpaka arobaini ilipopita, akinilazimisha mchuzi wa migebuka asubuhi na jioni ili maziwa yatoke. Yalitoka vizuri.

Nikarudi kazini mtoto hajafikisha miezi mitatu. Ratiba ya zamu huwa inabandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Niliitazama, jina langu lilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine zote palikuwa na jina la binti aliyenishikia nafasi nilipokuwa likizo. Nikadhani ni ratiba ya wiki ya kwanza tu. Meneja akaniita ofisini, akanipa pole ya uzazi, akauliza habari za mtoto, akaniambia: "Mama, tumekupunguzia kidogo upate muda wa kulea. Nusu wiki uwe hapa, nusu uwe na mtoto. Ukishamwachisha ziwa tutaangalia tena." Wenzangu siku hiyo walinikabidhi doti ya kitenge na sabuni za mtoto. Nilitoka ofisini mle nimesema asante. Nilikuwa nimechoka, titi limejaa, na maneno niliyoambiwa yalikuwa ya upole. Neno la pesa halikutajwa.

Lilitajwa na karatasi ya mshahara mwisho wa mwezi. Shilingi 200,000 kabla ya makato.

Nataka kukaa kidogo kwenye hiyo nusu, maana wengi wanaoisikia habari hii husema, "Si na wewe unafanya kazi nusu? Siku tatu uko kwako." Mwanamke mwenye mtoto mchanga hana gharama za nusu. Dada anayenisaidia kulea hawezi kuajiriwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Yeye anakaa kwangu, anakula kwangu, mshahara wake ni wa mwezi mzima. Mwenye nyumba wa Gungu hakunipunguzia kodi kwa kuwa nimezaa. Mchango wa kikoba ni uleule, na mkopo niliochukua kikoba kununua kitanda na vyombo vya mtoto unalipwa kwa tarehe. Halafu kuna kitu kisichoonekana mkononi kabisa: mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango wa NSSF kwa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Mshahara wangu ulipokuwa 400,000, kila mwezi ziliingia 80,000. Ulipokuwa 200,000 zikaingia 40,000. Kwa hiyo walichonipunguzia kilifika mpaka uzee wangu.

Na zile siku tatu za "kulea"? Nilizitumia kuuza mawese. Nilichukua madumu kwa mkopo kwa mama mmoja anayeyaleta kutoka Simbo, nikawa napima lita na nusu lita barazani, mtoto mgongoni, harufu ya mawese kwenye nguo zake zote. Mtu aliyepunguziwa pesa hapati muda wa kulea. Anapata muda wa kutafuta pesa pengine, mahali pagumu zaidi. Nilikuwa namnyonyesha huku naongea na wateja, simalizi hata ziwa moja.

Nilipomwambia mama yangu kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Vumilia, mwanangu. Hiyo nusu kuna wanaoitafuta." Simlaumu. Amelima maisha yake yote bila mtu wa kumlipa siku hata moja ya uzazi, na kwake mshahara wowote unaoingia mwisho wa mwezi ni neema. Mume wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, alikuwa na hasira, alitaka aende akaongee na bosi kiume. Nikamzuia. Kugombana na mwenye duka mbele ya wateja kungempa sababu ambayo hakuwa nayo.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, mstaafu wa reli. Alifanya kazi stesheni miaka mingi na aliwahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alikuja kununua mawese, akanikuta barazani siku ya kazi. "Mama, leo si Jumanne? Kulikoni?" Nikamweleza. Hakunipa pole. Aliniuliza maswali matatu mfululizo: mkataba uko wapi, umesaini karatasi yoyote tangu urudi, na ulirudi kazini tarehe ngapi. Mkataba ulikuwa ndani ya sanduku. Karatasi sikuwa nimesaini. Tarehe aliniambia niiandike mahali, kwa sababu siku zilikuwa zinahesabika tayari.

"Kuhesabika kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa sababu mgogoro una umri wake," akasema. "Ukiuacha uzeeke hausikilizwi."

Kesho yake jioni alikuja na kitabu chake cha sheria, kimekunjamana na kuwekwa alama za kalamu. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Tulikaa mkekani, mume wangu amempakata mtoto, mzee akasoma kifungu cha 33 polepole kama anayesoma risala. Sikuwa nimejua kwamba likizo ya uzazi imeandikwa kwa mapana hivyo. Zile siku 84 nilizijua. Sikujua kwamba sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi anarudi kazini mwisho wa likizo kwa masharti yaleyale ya ajira aliyokuwa nayo. Si masharti yanayofanana, si masharti yatakayoangaliwa mtoto akiachishwa ziwa. Masharti yaleyale. Na saa za kazi ni sehemu ya masharti; kifungu cha 15 kinazitaja kwa jina pamoja na mshahara, kati ya mambo ambayo mwajiri lazima ampe mfanyakazi kwa maandishi. Likibadilika lolote kati ya hayo, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi kwanza, arekebishe maandishi, amjulishe kwa maandishi. Ratiba ya nyuma ya mlango wa stoo haikuwa mashauriano na mtu yeyote.

Halafu akafika kwenye kunyonyesha. Mama anayenyonyesha anapaswa kuruhusiwa kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Hapo niliomba karatasi nipige hesabu. Saa 2 kwa siku sita ni saa 12 kwa wiki, na ni saa zilizo ndani ya muda wangu wa kazi. Meneja, kwa jina la kunihurumia nilee, alikuwa amenikata saa 22 na nusu, na hakuna hata moja niliyolipwa. Kilichokuwa haki yangu ndani ya siku ya kazi kiligeuzwa sababu ya kuniondolea siku yenyewe. Kila nikikumbuka hesabu ile napandwa na uchungu upya.

Kliniki wanatufundisha kila mara kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Ni ushauri sahihi, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyohivyo. Lakini siku 84 ni wiki 12. Mtu akijifungua siku ileile anayoanza likizo, anarudi kazini mtoto ana miezi isiyotimia mitatu, amebakiza muda mwingine kama huo wa kunyonya tu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka likizo isipungue wiki 14, na hata hizo hazifiki miezi 6. Zile saa 2 za kunyonyesha ndizo zinazojaza pengo hilo. Bila hizo, mama wa Kigoma anachagua kati ya ushauri wa muuguzi na mshahara wake, na mtoto ndiye anayelipa.

Mzee aliniachia onyo moja ambalo lilinifaa ndani ya wiki hiyohiyo: "Usisaini kitu. Ukishasaini, huruma yao inageuka kuwa ombi lako." Kweli, baada ya siku chache meneja aliniletea karatasi iliyochapwa, inasema kwamba mimi, kwa hali yangu ya uzazi, nimekubali kufanya kazi siku tatu kwa wiki. Ilikuwa "ya faili tu". Nilimwambia kwa adabu kwamba naomba niende nayo nyumbani nikaisome na mume wangu. Hakupenda, ila hakuweza kukataa. Sikuirudisha.

Badala yake niliandika barua. Ilikuwa fupi, haina neno la hasira. Nilianza kwa kushukuru kwa mshahara wa likizo. Nikataja tarehe ya barua yangu ya taarifa, yenye muhuri wao, na tarehe niliyorudi. Nikanukuu kipengele cha mkataba kinachosema saa 45. Nikataja kifungu cha 33 na cha 15. Nikaomba mambo matatu: nirudishiwe saa zangu, nilipwe kilichopungua, na tupange muda wa kunyonyesha kwa namna isiyovuruga dirisha la wateja. Nilipendekeza mwenyewe, saa moja asubuhi na saa moja mwisho wa siku. Nikaomba majibu kwa maandishi. Tena nakala mbili, tena muhuri. Nilipiga picha ratiba ya mlangoni kila wiki, nikatunza karatasi za mshahara, ya kabla ya likizo na ya baada.

Majibu hayakuja kwa maandishi. Yalikuja kwa mdomo, kwa vipande. Mara "bosi yuko Dar", mara "tutakaa tuongee kama familia", mara "biashara imeshuka, wewe mwenyewe unaona". Siku moja mwenye duka mwenyewe alinieleza kwa kirefu, na alichosema kilikuwa na ukweli wake. Alilipa mshahara wangu na wa yule binti kwa karibu miezi mitatu, duka si kubwa, faida ya dawa za jumla ni ndogo, na alipokuwa anatulipa wawili alizoea kuwa na mtu asiyeomba ruhusa. Nilimsikiliza na nikamwelewa. Nadhani nchi ingeweza kutafuta njia ya kuwasaidia wenye biashara ndogo kubeba gharama hiyo, maana kwa duka la watu watano si mzigo mdogo. Lakini mzigo huo haukuwa wangu wa kumrudishia kwa mshahara wangu baada ya kuzaa. Ningekuwa namlipa kwa mkono wa kushoto likizo aliyonipa kwa mkono wa kulia.

Wakati huo wote nilikuwa nahesabu siku. Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, na kuna muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine, kama huu wangu wa kubadilishiwa masharti, ni siku 60 tangu ulipotokea. Ukichelewa inabidi kwanza uombe Tume ipokee shauri lako nje ya muda na utoe sababu za msingi. Ndiyo maana mzee aliniuliza tarehe kabla ya kitu kingine. Ndiyo maana pia "tutakaa tuongee" ni maneno ya kuogopa. Mtu anaweza kuyasema kwa nia njema kabisa, na siku zako zikaisha ukiwa unasubiri kukaa.

Nilijaza Fomu Namba 1. Haina Kiswahili kigumu, wala haina ada. Unaandika wewe ni nani, unamlalamikia nani, mgogoro ni wa aina gani, ulitokea lini, unataka nini. Nakala moja unampelekea mwajiri kwanza akupokelee, ndipo unaipeleka Tume ukiwa na uthibitisho kwamba ameipata. Nilitetemeka nilipokuwa naiweka mezani kwa meneja. Duka lote lilinyamaza. Tangu siku hiyo mpaka tulipoitwa, niliingia zamu zangu zote kwa wakati, nikahesabu mzigo bila kosa, nikasalimia watu wote. Hakuna aliyenifanyia ubaya, ila chai ya saa nne nilianza kunywa peke yangu.

Kuhusu yule binti. Amemaliza chuo si zamani, nyumbani kwao ni Uvinza, na hiyo ilikuwa ajira yake ya kwanza. Aliambiwa kwamba mimi nikirudi na saa zangu zote, yeye hana kazi. Alinifuata siku moja stoo, macho mekundu, akasema, "Dada, naomba usinifukuzishe." Neno hilo liliniuma kuliko karatasi ya mshahara. Alikuwa anafanya kazi siku tatu zangu kwa pesa ndogo kuliko nusu yangu, bila mkataba wa maandishi, bila NSSF. Tulikuwa wanawake wawili tumegawanyiwa mshahara mmoja, kila mmoja akiambiwa mwenzake ndiye anayemnyima. Nilimwambia sina ugomvi naye na sitautaja kwa ubaya mwenendo wake popote. Nilimwambia pia kitu nilichokuwa nimejifunza mkekani kwa mzee: mtu asiye na mkataba wa maandishi si mtu asiye na haki. Kwenye shauri, mwajiri akishindwa kuleta maandishi hayo, yeye ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Alinitazama kama ninayemdanganya. Nikamwonyesha kifungu cha 15 kwenye simu.

Tuliitwa kwenye usuluhishi. Hatua hii si mahakama. Ni chumba cha kawaida, meza, na msuluhishi anayewasikiliza wote wawili na kujaribu kuwafikisha mahali. Sheria inampa siku 30 kumaliza, isipokuwa pande zote zikikubali kuongeza. Yanayosemwa mle ni ya mle, kwa hiyo siwezi kusimulia nani alitamka nini, wala sitaki. Naweza kusema nilivyojiandaa. Nilikuwa na mkataba, barua mbili zenye muhuri, karatasi za mshahara, picha za ratiba, na ile karatasi ya "nimekubali" ambayo sikuisaini. Mtoto nilikuwa naye, na nilimnyonyesha palepale kwenye benchi la nje kabla ya kuitwa. Mzee wa reli alinisindikiza, akabaki nje chini ya mti na gazeti.

Tulielewana. Nilirudishiwa siku sita. Pesa iliyopungua ingelipwa kwa awamu mbili, na imelipwa. Saa za kunyonyesha zikawekwa kama nilivyopendekeza, naingia saa moja baada ya wenzangu na kutoka saa moja kabla, bila kukatwa. Makubaliano yaliandikwa, tukasaini wote, na karatasi hiyo ikishasainiwa pale ina nguvu ya amri. Asiyetekeleza anaweza kufikishwa mahakamani. Niliweka nakala kwenye sanduku lilelile la mkataba.

Mambo hayakurudi kama zamani, na sikutegemea yarudi. Meneja ananisalimia, hatuongei zaidi ya kazi. Mwenye duka mwanzoni alikuwa hanitazami, sasa ananitazama. Yule binti alibaki. Wateja wa jumla waliongezeka msimu wa mvua, malaria ilipopanda, ikaonekana watu wawili dirishani hawatoshi. Amepewa mkataba. Sijui kama ni kwa sababu yangu, na sikumuuliza mtu.

Wanawake wameanza kunifuata: mmoja wa saluni, mwingine mhudumu wa nyumba ya wageni, mwalimu wa shule ya binafsi aliyerudi akakuta vipindi vyake vimegawiwa. Kila mmoja nikimuuliza amepewa nini kwa maandishi, anasema hakuna, aliambiwa tu kwamba apumzike. Mwalimu alikuwa bado ndani ya siku 60, tumeandika barua pamoja. Mhudumu alishapitisha miezi, na alikuwa ameambiwa na mwenye nyumba kwamba sheria ni ya serikalini tu. Si kweli. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito kama kinavyokataza wa kabila au dini, na hakijasema ni ofisi za serikali peke yake. Yeye nimempeleka kwa ofisa kazi wa mkoa akamweleza njia iliyobaki.

Mwanangu sasa anakula uji na viazi, ananyonya usiku. Jambo moja halijaisha. Kwenye taarifa yangu ya michango ya NSSF, mmoja kati ya miezi ile bado unaonyesha 40,000, ingawa mshahara wake nimeshalipwa wote. Mhasibu wa duka anasema atarekebisha. Nimempelekea barua, nakala mbili.